Ardhi ya kurudishia msitu Dodoma huchaguliwa Oktoba

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na mwaka wa kawaida hutupatia kati ya milimita 500 na 600. Hata ndani ya msimu huo, kuanzia mwisho wa Januari kuingia Februari, mvua hukatika wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, na jua likawaka kana kwamba kiangazi kimerudi. Mei hadi Novemba ni ukame mtupu, na kuanzia Agosti upepo nao unazidi. Anayetaka kurudisha msitu huku anapanda mche utakaokunywa miezi minne au mitano, kisha ufunge saba.

Miche mingi tuliyoiona ikifa haikufa kwa mbegu mbovu wala kwa uvivu wa watu. Ilikufa kwa sababu iliwekwa mahali pasipoifaa, na mahali penyewe palichaguliwa Januari, majani yameota, kila kona ya nchi inapendeza. Ndiyo maana tunashauri ukaione ardhi Oktoba. Mwezi huo majani yamekwisha na udongo uko uchi. Njia za mifugo zinaonekana, magadi yanaonekana kama unga mweupe juu ya ardhi, na miti yenye mizizi mirefu inaanza kuchipua kabla ya mvua, kwa hiyo unajua wapi chini kuna unyevu. Januari rudi tena, siku moja baada ya mvua kubwa, uone maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Ziara hizo mbili ni lazima. Moja haitoshi.

Ukifika, usianze kutazama kilichosimama. Inama utafute visiki.

Maeneo mengi ya Chamwino, Mpwapwa na Kondoa ambayo mpita njia huyaita jangwa yana msitu chini ya ardhi. Mlama, mkungugu, mtundulu, mpingo na mkole hukatwa, machipukizi yakaliwa na mbuzi kila mwaka, na bado mizizi iko hai, mingine ina umri wa kumzidi anayeikata. Chukua kamba, pima kipande cha mita 20 kwa 20, pigilia vigingi kwenye pembe nne, uhesabu kila kisiki kilicho hai na kila mche uliojiotea. Kujua kama kisiki ki hai, kwangua gome usawa wa udongo kwa ncha ya kisu. Ukikuta kijani au weupe wenye unyevu, kipo. Ukikuta kahawia kavu, fukua sentimita tano chini ukwangue tena kabla ya kukikatia tamaa. Fanya hivyo katika vipande visivyopungua vitano, vilivyotawanyika, pazuri na pabaya. Visiki 16 katika kipande kimoja ni sawa na 400 kwa hekta, idadi ileile unayoipata ukipanda miche kwa nafasi ya mita 5 kwa 5. Ukishafika hapo usinunue hata mche mmoja.

Kazi ya kisiki hai watu wengi wa Dodoma sasa wanaijua kwa jina, lakini wengi wanakata vibaya. Kisiki kinaweza kuwa na machipukizi 20. Chagua matatu hadi matano yaliyonyooka, manene, yanayotoka chini karibu na udongo, kwa sababu yanayotoka juu ya kisiki hupasuka kwa upepo yakikua. Mengine yote kata. Yale uliyoyaacha, punguza matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu, usizidi hapo, maana majani ya juu ndiyo yanayolisha mzizi. Panga liwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike kushuka. Funga kitambaa cha rangi kwenye chipukizi kubwa, ili mchungaji na mkata kuni wajue kisiki hiki kina mtu. Rudi baada ya miezi mitatu hadi sita ukate machipukizi mapya. Kosa kubwa ni kuacha chipukizi moja tu mwaka wa kwanza kwa tamaa ya mti mkubwa. Likivunjwa na ng'ombe, umerudi mwanzo. Acha matatu, mwaka wa pili vuna moja kwa ajili ya kuni au fito, mwaka unaofuata jingine.

Kondoa ni ushahidi wa jambo hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, ukachimba makingamaji na kupanda miti, lakini makorongo yaliendelea kula mashamba. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Sehemu kubwa ya uoto uliorudi baada ya hapo haikupandwa na mtu. Ilitoka kwenye mizizi na mbegu zilizokuwa ardhini. Hatusemi mifugo ifukuzwe kila mahali, na hatua ile iliwaumiza wafugaji wengi. Tunachosema ni kwamba ardhi yenye mizizi hai inahitaji kupumzishwa kabla ya kuhitaji kitalu.

Pasipo na visiki, hapo ndipo pa kufikiria kupanda, na hapo udongo ndio wa kuchunguzwa.

Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini, Oktoba hiyohiyo, sehemu tatu: juu ya mteremko, katikati na chini. Angalia ukuta wa shimo. Udongo mwekundu wa kichanga unaochimbika kwa jembe mpaka chini ni mzuri kwa miti mingi ya huku. Ukigonga tabaka gumu linalotoa cheche kwa sululu kwenye sentimita 30, mche wako utaishi vizuri mwaka mmoja, mzizi ukifika hapo utapinda na kwenda pembeni, na kiangazi cha pili utakauka. Sasa mimina ndoo nzima ya maji shimoni, yanywewe yote, kisha jaza tena uweke alama kwa kijiti. Maji ya mara ya pili yakishuka chini ya sentimita mbili kwa saa, hapo mizizi itakosa hewa wakati wa mvua. Yakipotea kabla hujakaa chini, ni mchanga mtupu, na samadi itahitajika nyingi.

Kipimo kingine kinahitaji glasi tu. Chukua bonge la udongo kavu ukubwa wa karanga, toka sentimita 30 chini, uliweke taratibu katika glasi ya maji ya mvua. Yawe ya mvua, maana maji ya kisima ya huku mengi yana chumvi na yatakudanganya. Usikoroge. Kaa uangalie. Bonge likibaki zima, au likiporomoka kuwa vipande huku maji yakibaki safi, udongo huo unatibika. Lakini likianza kuzungukwa na wingu kama maziwa, kwanza utepe mwembamba chini, halafu baada ya saa mbili glasi yote imechafuka na haitulii hata kesho yake, huo ni udongo wa magadi. Mvua ikinyesha, chembe zake zinaachana, zinaziba vitundu vyote, ardhi inafunga kama sakafu. Maeneo ya kando ya bonde la Bahi yana udongo wa namna hiyo kwa wingi. Mkwaju hapo utadumaa na mbuyu utaoza. Kama ni lazima kufanya kitu, panda mswaki, lakini kwa kawaida tunashauri pawekewe ulinzi, nyasi zake zirudi.

Mimea iliyopo nayo inasema. Mswaki ukiota wenyewe, kuna chumvi, na mara nyingi maji hayako mbali chini. Mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi vinavyokaa sisimizi unakuambia hapa ni mbuga ya udongo mweusi, unaopasuka kiangazi kiasi cha kupitisha mkono na kukata mizizi michanga. Mkuyu unaonyesha maji. Mbuyu mkubwa unaonyesha udongo usiotuamisha maji, kwani haustahimili kuzama. Na katika mbuga nyeusi tafuta vichuguu vya zamani: vimeinuka, havifuriki, na ndipo mkwaju hupenda kuota wenyewe. Kichuguu kimoja cha mita nne kinaweza kubeba mkwaju mmoja na mikole mitatu pembeni, wakati mbuga inayokizunguka haitapokea hata mmoja.

Kongwa iko saa mbili tu kwa gari kutoka mjini, na kila anayepanga kulima au kupanda miti kwa wingi katika mkoa huu angepaswa kuijua habari yake. Mwaka 1946 wataalamu kutoka Uingereza walikagua nchi kwa wiki tisa, sehemu nyingine wakiitazama kutoka angani, na 1947 mpango mkubwa wa karanga ukaanza. Vichaka viling'olewa kwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukiwa na unyevu unalimika vizuri, ukikauka unashikana kama tofali, na karanga zikabaki ardhini haziwezi kuchimbwa. Mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo. Shimo la sentimita 60 lililochimbwa Oktoba lingeonyesha ugumu ule bila gharama.

Kuna ardhi isiyo na miti mirefu ambayo haijaharibika hata kidogo, na hapa ndipo watu wenye nia njema hufanya uharibifu. Vichaka vya Itigi, wilayani Manyoni, vina urefu wa mita tatu hadi tano, vimesongamana kiasi kwamba mtu hapiti wima. Mgeni huviona ni pori bovu lililobaki baada ya msitu kukatwa. Si kweli. Huo ndio uoto wake uliokomaa, umeota juu ya udongo wenye tabaka gumu chini, na duniani uoto wa aina hiyo upo hapa na sehemu chache za kuelekea Zambia. Ukivifyeka ili upande mistari ya miche, umeua kitu ambacho hakuna kitalu kinachoweza kukurudishia. Vivyo hivyo mbuga za majani zinazofurika kila masika, na kingo za malambo wanakonywea mifugo. Ziache.

Umiliki tuutaje kwa kifupi, ingawa umeua miche mingi kuliko mchwa. Uliza ni ardhi ya nani kabla ya kupima udongo. Kama ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji haitoshi, jambo lifike mkutano mkuu wa kijiji na liandikwe kwenye muhtasari. Waulize wafugaji, na waulizwe wenyewe, si wenyeviti kwa niaba yao: ng'ombe wanapita wapi kwenda majini Septemba? Njia hiyo iachiwe upana wa kutosha, mita 30 si nyingi, la sivyo uzio wako utakatwa na watakaoukata watakuwa na haki. Waulize pia akina mama wanaokata kuni na majani ya kuezekea, maana kuwafungia eneo bila kuwaonyesha jingine ni kuhamishia uharibifu upande wa pili wa kilima. Kandokando ya jiji, hakikisha mipango miji haijaonyesha barabara au viwanja hapo. Tumeshuhudia miti ya miaka minne, imemzidi mtu urefu, ikisukumwa na greda kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Sasa miti.

Kanuni yetu ya kwanza: tembea nusu siku kuzunguka eneo, uandike miti mikubwa ya asili iliyobaki kwenye udongo wa aina hiyohiyo, makaburini, kwenye miamba, kwenye maeneo ya matambiko ambako wazee wamekataza shoka. Hiyo ndiyo orodha yako. Mbegu zichukuliwe huko, kutoka miti mama isiyopungua 15, iliyoachana angalau mita 50 au zaidi, kwa sababu miti jirani mara nyingi ni ndugu, na msitu wa ndugu watupu huzaa mbegu dhaifu baadaye. Mbegu ya mninga wa mkoa wenye mvua ya milimita 1,000 itaota Dodoma, ila haikuzoea kufunga miezi saba.

Mwarobaini na mjohoro ni miti ya Asia, mlusina umetoka Marekani ya Kati. Kwa kivuli cha uani hatuna ugomvi nayo. Kwenye eneo la kurudisha msitu tunaikataa, hasa mlusina na mwarobaini, kwa sababu hujisambaza yenyewe na kuzisonga mbegu za asili.

Mkungugu, ambao kitaalamu ni Vachellia tortilis na vitabu vya zamani vinauita Acacia, ndio wa kutangulia karibu kila mahali pa udongo mwekundu. Tunasisitiza jina la kitaalamu kwa sababu huku neno mgunga hubeba miti mingi, na mtu akikuletea mbegu za mgunga hujui umeletewa nini. Mbegu bora zipo kwenye zizi la mbuzi. Mbuzi hula maganda yaliyojikunja kama springi ya kalamu, tumbo linalainisha ngozi ya mbegu, zinatoka na kinyesi. Chekecha samadi ya Oktoba kwa chekeche la mchanga. Utaona mbegu ndogo ngumu, za kahawia yenye ukijani, bapa, kila moja ina mstari mwembamba wenye umbo la kwato ubavuni. Yenye tundu la mviringo imeshaliwa na fukusi, itupe. Zilizochumwa mtini, ambazo hazikupita tumboni, mimina maji yaliyochemka juu yake, ondoa chombo motoni kwanza, usizichemshe, uziache zipoe humo usiku kucha. Asubuhi zilizovimba zisie. Ambazo hazikuvimba, rudia.

Mkwaju hauhitaji ufundi mwingi, mbegu zikwaruzwe kidogo upande usio na kitovu au ziloweshwe usiku mmoja kwenye maji ya moto yaliyoachwa yapoe, nazo huchomoza ndani ya wiki mbili. Tatizo lake ni mzizi. Wiki ya sita mzizi umeshafika chini ya kiriba kifupi, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, na kuanza kujizungusha. Tumia viriba vya urefu wa sentimita 20 hadi 25, na kila wiki mbili viinue vyote uvunje mizizi iliyotoboa chini. Mti uliopandwa na mzizi uliojizungusha huonekana salama miaka miwili, kisha hukauka ghafla, ukiuvuta unatoka na fundo kama kamba iliyofungwa.

Mbuyu nao mbegu zake ni ngumu, zinahitaji kukwaruzwa kwa tupa na kuloweshwa. Jambo ambalo wengi hawalijui: mbuyu mchanga haufanani na mkubwa. Majani yake ya mwanzo ni moja moja, hayajagawanyika kama vidole. Kwenye palizi vibarua huung'oa wakidhani ni gugu. Onyesha mche mmoja kabla ya palizi kuanza, na chomeka kijiti kando ya kila mbuyu. Mbuzi wanaupenda kupita kiasi, kwa hiyo usiupande mahali pasipo na uzio.

Mng'ongo una madume na majike. Ukipanda kumi kutoka vipandikizi vya mti mmoja, yote yatakuwa jinsia moja na hutapata hata tunda. Changanya. Mpingo unakua polepole sana, mbao zake ni za wajukuu, lakini unavumilia udongo mzito na ukikatwa huchipua kutoka mizizini, kwa hiyo ni mzuri pale unapotaka kichaka kijitanue chenyewe. Mbegu zake hazikai muda mrefu kwenye joto la kawaida, zisie ndani ya miezi michache. Mkababu, Faidherbia albida, uweke kwenye mchanga wa kando ya mito ya msimu, si mlimani. Huu hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi, kwa hiyo mtama unaweza kulimwa chini yake bila kunyimwa jua. Miti ya jamii ya manemane, ile yenye gome linalobanduka kama karatasi, haihitaji hata kitalu: kata vigogo vya mita moja na nusu Oktoba au Novemba kabla havijachipua, viweke kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, kisha vifukie sentimita 40.

Tusipande aina moja. Mchanganyiko wetu kwa hekta ya udongo mwekundu usio na visiki ni miche 400 hivi, nusu ikiwa mikungugu na migunga mingine inayokua haraka, robo mikwaju, mibuyu na ming'ongo, robo iliyobaki mipingo, milama na mikole. Mikwaju na mipingo ikae upande wa chini wa mikungugu, mita mbili hivi, ipate kivuli na kinga ya miiba. Ndege watakaotua juu ya mikungugu mwaka wa nne wataleta mbegu ambazo hukuzipanga.

Miche ya asili isiwe mirefu. Sentimita 25 hadi 40 inatosha, shina liwe gumu chini. Isiwe imeoteshwa kivulini mpaka siku ya kupandwa. Wiki sita za mwisho iondolewe kivuli polepole na maji yapunguzwe kutoka kila siku hadi siku moja kwa tatu. Kusia mbegu kuanze Juni au Julai, ukizingatia kwamba baridi ya Dodoma miezi hiyo huchelewesha uotaji.

Mashimo yachimbwe Septemba na Oktoba, futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini. Ni kazi ngumu ardhi ikiwa kavu, na ndiyo sababu watu huiahirisha hadi mvua, wakachimba vishimo vya jembe moja. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Wa juu uchanganywe na nusu debe ya samadi iliyooza kabisa urudi chini shimoni. Ule wa chini ndio wa kujenga tuta la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, kimo cha sentimita 30, mikono yake ikipanuka mita mbili hadi tatu kuelekea juu ili kupokea maji. Katikati ya tuta iwe juu kuliko ncha, maji yakizidi yatokee pembeni. Tuta lililo sawasawa kote hupasuka katikati mvua ya kwanza kubwa na kuchimba korongo jipya. Mche usikae chini kabisa kwenye kina cha maji. Ukae kwenye kigongo kidogo, sentimita 10 juu ya sehemu ya chini, vinginevyo utazama.

Mvua ya kwanza isikudanganye. Chimba kwa mkono: udongo uwe umelowa sentimita 30 au zaidi, ndipo upande. Mara nyingi ni katikati ya Desemba, baada ya mvua ya pili au ya tatu. Ukipanda hapo, mche unapata wiki tano hadi sita za kushika kabla ya ukavu wa Februari. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili Mosi, na katika mikoa yenye masika ya Machi hadi Mei ina maana. Dodoma tarehe hiyo mvua zinaaga. Tunaomba shule na taasisi za huku ziitumie siku hiyo kupalilia na kutandaza majani kwenye miche ya Desemba. Miche iliyopandwa siku hiyo itahitaji kumwagiliwa: lita tano kwa wiki kwa kila mche, miche 400, wiki 28, ni lita 56,000 kwa hekta, yaani madumu 2,800 ya lita 20. Hakuna kijiji kitakachoyabeba.

Kiriba kitolewe chote. Bado tunafukua miche iliyokufa na kukuta plastiki. Chana ubavuni kwa wembe, kata sentimita moja ya chini kuondoa mizizi iliyojikunja, shika bonge kwa mikono miwili lisivunjike, shindilia udongo kwa kisigino taratibu. Matandazo ya majani makavu yaachane na shina kwa kiganja kimoja, kwa sababu yakiligusa, mchwa hupanda kupitia hapo. Samadi mbichi nayo huwaita.

Hatari kubwa huja Juni. Mavuno yakiisha, mifugo huachiwa mashambani kula mabua, na eneo lako ndilo lenye kijani kilichobaki. Uzio wa miiba ni mzuri, ila hesabu matawi: kuzungushia hekta moja ni mita 400, na ukikata miti hai kwa ajili hiyo unaufyeka msitu mmoja kuokoa mwingine. Zungushia mche mmoja mmoja kwa matawi uliyoyapunguza kwenye visiki, au panda manyara kwenye mpaka mwaka mmoja kabla. Kinga ya moto ilimwe Juni hiyohiyo, upana usiopungua mita tano, majani yatolewe, yasilundikwe kando.

Kuhesabu miche iliyo hai kufanyike Novemba. Hesabu ya Juni inafurahisha wafadhili, haisemi chochote juu ya mizizi. Kwangua shina kwa ukucha kama ulivyofanya kwenye visiki. Na kama ulipanda mninga upande wa Kondoa au Manyoni, uuhesabu mwisho na kwa uangalifu. Mninga mchanga hufa juu kila kiangazi, shina lote likakauka kama kijiti, huku mzizi ukizidi kunenepa chini, na huendelea hivyo miaka mingi, saba au zaidi, kabla ya kutoa shina la kudumu. Vibarua huung'oa kwa wingi wakati wa kuziba mapengo. Acha kigingi mahali pake, shimo jirani tu ndilo lizibwe, urudi Januari uone kilichochomoza.